Goti Moja, Kafi Moja, na Miaka 72

Juzi nilipita kwenye kibanda cha kuangalia mpira, mechi bado haijaanza, na kwenye runinga wakawa wanarudia fainali ya mbio za mtumbwi za wanawake ya Olimpiki ya Paris 2024. Ile ya mita 200. Kaka mmoja, soda mkononi, akaitazama kidogo halafu akatangazia kibanda kizima: "Mwanamke kupiga goti hivyo na kuchapa maji, kizazi kitabaki kweli?" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa na chapati mdomoni, nikashindwa kumjibu, na tangu siku hiyo jibu limenikaa kooni. Basi, kaka yangu, jibu lako hili hapa.

Kwanza nikupe pole, maana hata hilo wazo si lako. Wakubwa wa mchezo huo wamelishikilia tangu hujazaliwa. Wanawake waliotaka kushindana kwenye mtumbwi waliambiwa hivyohivyo, tena na watu waliovaa suti: mkao ule wa goti moja utawaharibu mji wa mimba. Si soko la samaki hilo. Ni huko kwenye vikao vyao.

Hebu tazama hesabu. Ubingwa wa dunia wa mbio hizi ulianza mwaka 1938 huko Vaxholm, Sweden. Wanaume wakapewa kayaki na mtumbwi. Wanawake wakapewa kayaki, basi. Vita vikaingilia, mashindano yakarudi London 1948, yakaenda Copenhagen, Mâcon, Prague, Belgrade na Duisburg mara kadhaa, hata Mexico City yakafika. (Afrika hayajakanyaga mpaka leo, lakini hilo ni la siku nyingine.) Miaka yote hiyo mwanamke kwenye mtumbwi hayupo. Mwaka 2009, Dartmouth kule Kanada, wakawaruhusu kidogo, kama maonyesho. Medali za kweli zikaja Poznań 2010. Toa 1938 kwenye 2010. Miaka 72. Na Olimpiki ikangoja tena mpaka Tokyo, yaani 2021.

Kwa wanaodhani kayaki na mtumbwi ni kitu kimoja: kwenye kayaki umekaa, kafi, yaani kasia la mkononi, lina bapa pande mbili, unapiga kulia na kushoto, na chini kuna usukani unaoupeleka kwa miguu. Kwenye mtumbwi umepiga goti moja, kafi lina bapa moja, unapiga upande mmoja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na usukani hakuna. Ukipiga kulia, omo, yaani pua ya mtumbwi, inataka kukimbilia kushoto. Kwa hiyo kila pigo lina mkia wake: kabla ya kulitoa kafi majini unalipindua kidogo kwa kifundo cha mkono, chombo kinanyooka, ndipo unaenda pigo lingine.

Huko kupindua kafi mimi nilikuona kabla sijajua kuna kitu kinaitwa ubingwa wa dunia. Bibi yangu mzaa mama, Ukerewe, alikuwa anakaa nyuma ya mtumbwi, ndizi zimejaa katikati, mimi mbele na kopo la kumwaga maji. Alipiga upande wa kulia tu. Mwisho wa kila pigo mkono wa juu ulijipindua, kidole gumba kikaangalia chini, na mtumbwi ukaenda moja kwa moja kama umefungwa kamba. Nikiacha kumwaga maji ili nimtazame, ananirushia ya kafi usoni. Alivuka hivyo akiwa na mimba ya mjomba, akavuka na mimba ya mama. Alizaa watoto tisa. Tisa, kaka. Tungemwita daktari gani aje kuchunguza huo uharibifu?

Na kinachoniudhi zaidi ni jinsi wanavyopenda hadithi ya mvuvi pale mvuvi akiwa mwanamume. Ivan Patzaichin wa Romania, bingwa wa mtumbwi, alitoka kijiji cha wavuvi kwenye delta ya mto Danube, na kila anayemtaja huanza na kijiji kabla ya medali. Olimpiki ya Munich 1972 kafi lilimvunjikia kwenye mchujo, akamaliza na kipande, akarudi kupitia mbio za kufuzu za pili na kuchukua dhahabu. Hadithi tamu, sikatai, hata mimi naisimulia. Isaquias Queiroz wa Brazil naye, kutoka mji mdogo wa Bahia, figo moja, medali tatu Rio. Safi kabisa. Lakini mabinti wa mito na maziwa hayohayo walikuwa wapi? Ukingoni, na kayaki ya kuazima.

Mtu ataniambia wanawake walikuwa na kayaki yao na hawakulalamika. Birgit Fischer wa Ujerumani alichukua dhahabu ya Olimpiki Moscow 1980 na nyingine Athens 2004, jumla 8, na katikati hapo akazaa watoto wawili. Ndiyo maana nauliza: mwili uliofanya hayo ungeshindwaje na goti?

Nakubali kwa shingo upande kwamba mlango ulipofunguliwa kuna waliofungiwa nje. Mtumbwi wa mita 200 wa wanaume uliingia Olimpiki London 2012, Yuriy Cheban wa Ukraine akaushinda mara zote mbili, kisha ukaondolewa ili nafasi zigawanywe sawa Tokyo. Inauma. Lakini Laurence Vincent Lapointe wa Kanada alikuwa bingwa wa dunia tangu Poznań, na London na Rio zote akazitazama kama wewe na soda yako. Tokyo ilipofika, Nevin Harrison wa Marekani, miaka 19, akamtangulia. Fedha ikamwangukia aliyengoja zaidi ya muongo.

Sasa ile fainali uliyoicheka. Katie Vincent wa Kanada sekunde 44.12. Harrison 44.13. Rudia tena polepole. Wote wawili wamejirusha mbele mtumbwi ukikata mstari, hakuna anayejua nani kashinda, wameinamisha vichwa wanahema, wanatazama ubao. Kibanda kizima kilikuwa kinagombea viti.

Kafi la bibi bado lipo Ukerewe. Mjomba analitumia kuegesha mlango wa banda la kuku. Nimeshamwambia mara mbili alitoe pale.