Wananchi Kuweni Makini

Daladala imeshona, konda ananing'inia mlangoni, mtu amekukanyaga kidole na hana habari. Ndipo redio inapochagua kukuambia kwamba ulichokula jana usiku kina sumu. "Wananchi wametakiwa kuwa makini na unga." Unga upi? Wa mahindi, wa muhogo, wa ngano? Sembe au dona? Kiroba cha kilo 5 au cha 25? Kabla hujajibiwa, limeingia tangazo la sabuni.

Tuwe makini kwa jicho gani, jamani? Sumu inayosemwa ni sumukuvu, ile ya ukungu wa nafaka; haionekani wala haina harufu, na ugali hauna ladha ya kukushtua. Songa mpaka mwiko uvunjike, moto wa jikoni hauiondoi. Mtu anakodolea macho kiroba kama anayemvizia mdeni wake, na kiroba kinamtazama tu.

Na sumukuvu si mchezo. Mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara waliugua watu 68, wakafa 20, kwa mahindi. Habari kama hiyo itangazwe hata mara kumi kwa siku, sawa, lakini itangazwe ikiwa kamili. Jina la bidhaa kama lilivyo kwenye mfuko, uzito wa mfuko, namba ya toleo (ile ya fungu lililosagwa pamoja), tarehe ya kutengenezwa, kilichokutwa ndani na kiasi chake. Kisha mwenye kiroba jikoni aambiwe afanye nini, akirudishe dukani au akitupe, na aliyekwisha kula aangalie dalili gani. Yote hayo yanasomeka kwa nusu dakika. Ile salamu ya shangazi wa Tandika kwa wajukuu zake wote ni ndefu zaidi.

Namba ya toleo ndiyo inayosahaulika kila siku, na ndiyo yenye kazi. Kiwanda kinasaga usiku na mchana, na tatizo linaweza kuwa kwenye mahindi ya siku moja tu. Pasipo namba, Mangi wa dukani anakujibu bila kuinua macho kwenye simu: "Huu siyo ule wa redioni." Atajuaje? Wewe utajuaje? Na tunaopimiwa kilo moja moja ndiyo tumekwisha kabisa, maana mfuko wa nailoni hauna namba wala jina. Wa kupimiwa mwambie Mangi asitupe kiroba mama mpaka unga uishe, usome kilichoandikwa karibu na mshono kabla wino haujafutika.

Halafu tarakimu. "Sumu imekutwa kwenye mahindi." Kiasi gani? Kikomo cha sumukuvu aina ya aflatoksini Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Kwa lugha ya sokoni, gramu moja ikisambaa sawasawa inatosha kufikisha kikomo tani 100 za mahindi. Ila haisambai sawasawa, na hapo ndipo kwenye balaa. Gunia moja linaweza kuwa safi juu, katikati kuna fungu la punje zilizovunda. Kwa hiyo mpimaji anachoma bambo, kile chuma cha kuchotea nafaka, juu, kati na chini, kwenye magunia mengi, anachanganya, anasaga, ndipo anapima. Kwenye runinga unamwona mtu anachota kiganja kimoja juu ya gunia, ananusa, anatikisa kichwa kwa huzuni. Kanusa nini?

Kinachosaidia kweli hakitangazwi. Kuchambua kwa mkono punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye ukungu kunapunguza sumukuvu sana. Kukoboa kunapunguza pia, kwa sababu nyingi imekaa kwenye pumba na kiini; wapenda dona mnisamehe. Anayeweka gunia ndani achukue chupa ya glasi iliyo kavu, atie mahindi na chumvi kavu, atikise vizuri, aiache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yarudi juani. Asiyaanike juu ya udongo, tafadhali. Turubai linatosha.

Hapo simu inalia. Ni kundi la ukoo: "MCHELE WA PLASTIKI UMEINGIA!!! Sambaza kwa unaowapenda." Ushahidi ni bonge la wali linadunda mezani kama mpira. Wanga uliopikwa ukafinyangwa unadunda, bibi, ni tabia yake. Na mchele ukiuwasha moto unaungua, sawa na mkate. Nigeria walikamata magunia 102 mwishoni mwa 2016 kwa shaka hiyohiyo. Maabara ikasema si plastiki. Shida ilikuwa bakteria. Ila bakteria hawadundi, kwa hiyo hawana video.

Na wali unaolaza watu kwa kutapika na kuhara ni ule uliopikwa mchana, ukaachwa kwenye sufuria na joto hili la Dar, ukapashwa usiku. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwenye mchemko. Wali ukipoa taratibu wanazaana, na sumu yao ya kutapisha haiondoki hata uupashe mpaka ukoko. Utandaze kwenye sinia upoe haraka, uingie kwenye friji. Habari hiyo haina king'ora, nani ataisoma?

Soseji nazo. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema gramu 50 za nyama ya kusindikwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa 18%. Mtu akasikia watu 18 kati ya 100, akamtupia paka soseji. Kumbe ni 18% ya hatari iliyokuwepo. Kama wangeugua 5 kati ya 100, sasa ni kama 6. Paka alishukuru.

Mwishoni mtangazaji anasema "mamlaka husika zinafuatilia." Zipi? Mwaka 2019 usalama wa chakula ulihamia TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Iliyokuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa, ikawa TMDA, ikabaki na dawa na vifaa tiba. Kuitaja ofisi kwa jina na namba yake ya simu kungechukua sekunde nne. Badala yake tumepewa michezo, kisha hali ya hewa. Nyumbani kiroba kimefungwa fundo chini ya meza, hakiliwi wala hakitupwi, kinasubiri taarifa ya habari ya saa mbili usiku.