Kitufe Changu Mmekipeleka Wapi?

Mimi ni mtu wa heshima zangu. Nina kiti cha magurudumu, nina skrini mbili mezani, na barua pepe zangu huanza na "Habari za kazi". Sasa leo, hata sijakaa vizuri, simu imeita. Nimeamkia shikamoo, nikarudishiwa marahaba ya haraka haraka: "Marahaba mwanangu. Kitufe changu mmekipeleka wapi?"

Mmekipeleka. Yaani tuko wengi, tunaamka usiku kuiba vitufe kwenye tepe za watu (utepe ni ule ukanda wa vitufe ulioko juu kwenye programu), na mimi ndiye msemaji wa genge.

Mama huyu ni wa uhasibu, na kitufe anachokidai, cha kutoa ripoti, nilikiongeza mimi kwa mikono yangu kwenye programu yetu ya Office ya Microsoft. Kwangu kipo. Kimekaa pale juu, kinene, kinapendeza. Nikamwambia kwa sauti ya daktari, "Mama, mbona kwangu kinaonekana?" Kauli hiyo usimpe mtu. Ni kumwambia anayeumwa jino kwamba lako halina neno.

"Basi tolea ripoti huko huko kwako," akasema.

Nikaanzia mwanzo. Utepe upo? Upo. (Kuna bwana mmoja juzi alibofya kichupo mara mbili, utepe ukajikunja, akatangazia ofisi nzima kwamba programu imefutwa. Ctrl na F1, ukarudi. Asante hakuna.) Nikauliza yuko kwenye kichupo kipi.

"Kichupo ndiyo nini?"

"Yale maneno ya juu, mama."

"Juu kuna maneno mengi. Nisome yote?"

Akayasoma yote. Akaanza na jina la faili, akaja saa, akamalizia na chapa iliyobandikwa kwenye fremu ya skrini. Nilikuwa nimefumba macho, nahesabu pumzi.

"Mama, dirisha umelisogeza?"

"Dirisha liko wazi tangu asubuhi. Joto hili nilifunge?"

"La programu, mama. La programu."

Kimya. Kisha, kwa unyonge kidogo: "Nilikuza maandishi tu. Macho haya si ya kijana."

Hapo nikaelewa. Amekuza hadi asilimia 150. Skrini yake ina piseli, yaani vinukta vinavyounda picha, 1366 kwa upana. Ukikuza hivyo, programu inajiona imebakiwa na nafasi kama ya piseli 910. Utepe ukibanwa unafanya ustaarabu wa ajabu: vitufe vikubwa vinakuwa vidogo, vidogo vinanyang'anywa maneno, mwisho kundi zima linakunjwa ndani ya kitufe kimoja chenye kamshale kanakotazama chini. Hakuna kilichopotea. Kimefichwa tu kwa nia njema, kama karatasi zako baada ya mtu kukusaidia kupanga meza.

"Bofya kamshale, mama."

"Eee! Kimo humu. Lakini mbona cheusi? Mmekiunguza?"

Aibu ya kwanza. Ikoni, yaani kapicha ka kitufe, nilichora moja tu, piseli 16 kwa 16. Kwa asilimia 150 inatakiwa 24, kwa hiyo kila piseli inaambiwa ijinyooshe iwe moja na nusu. Hiyo nusu ikakae wapi? Na katika kunyooshwa huko, kodi yangu (si ya nyumba, ni maelekezo ninayoiandikia programu) ikaitupa ile sehemu ya picha inayobeba uwazi, nyuma pakajaa weusi. Nikasema, "Ni mambo ya rangi, mama, bofya hivyo hivyo."

"Hakibofyeki. Kimefifia."

Jamani. Kitufe cheusi kinafifiaje?

Aibu ya pili, na hii sikuisema kwenye simu. Utepe haukuulizi kila dakika kama kitufe kiwe hai au kizimwe. Unauliza mara moja, unameza jibu, unakaa nalo mpaka uuamrishe uulize upya. Amri yenyewe ni Invalidate, neno moja. Mama alifungua programu kabla ya faili, utepe ukauliza, "Kuna faili?" Kodi yangu ikajibu hakuna. Faili likaja, hakuna aliyeuarifu. Na wa kuuarifu nilikuwa mimi, miezi minne iliyopita, siku niliyoandika pembeni "nitamalizia kesho".

"Mama, funga programu yote. Halafu anza kwa kulibofya faili lenyewe."

"Kimewaka," akasema. "Lakini mwanangu, mkikichukua tena, mniarifu kwanza." Akakata.

Nikabaki na simu sikioni. Na foleni haijaisha. Kuna anayenitumia picha ya skrini aliyoipiga kwa simu, mwanga wa taa umekaa juu ya utepe kabisa, hitilafu siioni, ila yeye na shati lake nimemwona. Kuna ambaye vitufe vyake vinaonekana pale tu anapopitisha mausi juu yake, kama vinaona haya. Huyo nilimzimia uharakishaji wa kadi ya michoro, vikatulia. Kwa nini, asiniulize mtu.

Utepe huu umekuwa nasi tangu Office 2007. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ana kitambulisho sasa, sisi bado tunaulizana vitufe viko wapi. Na kitufe pekee ambacho hakuna aliyewahi kunipigia simu kukitafuta ni cha kuhifadhi, ambacho picha yake ni disketi, kile kisahani cha zamani cha kuhifadhia mafaili, kitu ambacho nusu ya wanaokibofya hawajawahi kukishika. Disketi ya megabaiti 1.44! Nimekaa nikapiga hesabu badala ya kurekebisha kodi: ikoni ya 32 kwa 32, baiti nne kila piseli, ni baiti 4096. Disketi nzima ingebeba ikoni 360 za disketi.