Msisahau ile gesi

Makala yenu yanausifia upasuaji wa matundu madogo kwa kuacha kovu dogo na mgonjwa kurudi nyumbani mapema. Sawa kabisa. Lakini gesi hamkuigusa hata kwa sentensi moja. Tumbo hujazwa kabonidioksidi, kwa kawaida kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki, ili daktari apate nafasi ya kuona. Huchaguliwa kwa kuwa haishiki moto na huyeyuka upesi kwenye damu. Na hapo ndipo kasheshe huanzia: ikishaingia damuni lazima itolewe na mapafu, na mgonjwa wa nusukaputi anapumuliwa na mashine. Mtaalamu wa nusukaputi hukodolea macho kipimo cha kabonidioksidi kwenye hewa inayotoka mapafuni. Kikipita milimita 45 za zebaki, huongeza kasi ya mashine. Mwenye mapafu mabovu (wavutaji sigara, mpo?) asifiche. Wakati mwingine gesi hupenya chini ya ngozi, ukibonyeza shingo unasikia ikichakarika. Dada yangu wa Umoja, baada ya kutolewa kibofu cha nyongo, alililia bega kuliko tumbo! Kumbe ni gesi iliyokera kiwambo cha kupumulia (msuli ulio kati ya kifua na tumbo), maumivu yakasikika begani. Mnaolinganisha bei za hospitali hapa Nairobi, ulizeni pia kama wana kapnografu, kile kifaa cha kupima kabonidioksidi kwenye pumzi.