Mkia Uliotoka Tieta

Ukitaka kujua ukoo wako una wataalamu wangapi, usiwaambie unajenga wala unaoza binti. Waambie unaenda kufanyiwa operesheni na hujui usuke vipi.

Nilikuwa na uvimbe kwenye ovari ya kulia, ultrasaundi ikasoma sentimita 9. Daktari akanieleza kwa utulivu, akanipangia tarehe, akanipa karatasi ya masharti. Kuhusu uvimbe wenyewe hakuna ndugu aliyeuliza swali la pili. Kilichoitisha kikao kizima nyumbani kwa mama, Mbagala, ni mstari mmoja wa karatasi ile: nywele zifungwe, bila chuma, bila wigi, zienee ndani ya kofia.

Nywele zangu zinafika mgongoni. Ni zangu, sijachanganya na za dukani, ingawa kila harusi lazima atokee mama mmoja wa kuzivuta ahakikishe. Siku za kawaida nakunja fundo kubwa kisogoni, naenda kazini. Nesi wa kliniki alilipiga marufuku fundo hilo. Kwenye nusu kaputi unalala chali, daktari wa usingizi anarudisha kichwa chako nyuma ili apitishe mpira wa kupumulia kooni. Fundo likikaa kisogoni linasukuma kichwa mbele, kidevu kinashuka kifuani, na yeye anaanza kuhangaika. Halafu utalilalia hilo fundo muda wote wa operesheni bila kujigeuza, maana hujitambui. Chuma nacho, alisema, hakitakiwi kwa sababu siku hizi wanakata nyama na kuziba mishipa ya damu kwa umeme, na umeme ukikutana na kibanio kichwani unaweza kukuunguza huku umelala unakoroma.

Basi kikao kikaanza. Mama alisema ninyoe. Kwake yeye kila tatizo la kichwani, kuanzia mba mpaka mapenzi, dawa yake ni wembe. Mume wangu akaunga mkono haraka mno, ndipo nikajua bili ya saluni ilikuwa inamuuma siku nyingi. Wifi akapendekeza mabutu. Mimi nina watoto wawili na deni la vikoba, siwezi kukutana na daktari bingwa nikiwa na mabutu.

Nikasema basi twende kilioni: mistari ya haraka, inarudi nyuma, inalala kichwani, bei yake haiumizi mtu. Shangazi akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, unakwenda kupasuliwa, halafu umesuka twende kilioni? Unatualika?"

Hoja ikafa palepale.

Aliyetuokoa ni msusi wangu wa Tandika. Hakusoma karatasi, alinilaza tu kwenye benchi la saluni chali, akakitazama kichwa kwa muda, akasema kisogo lazima kibaki kitupu. Akagawa nywele katikati, akasuka mistari minene inayokwenda pembeni, ikashukia nyuma ya masikio, ikatoka mikia miwili, kila mmoja umefungwa kwa uzi. Ukilala, mikia inakaa mabegani. Ukivaa kofia, unaikunja inaingia. Mpaka leo sijaona mtindo mzuri kuliko huo kwa mtu mwenye nywele ndefu anayekwenda tieta, na kama angeishia hapo nisingekuwa na hadithi.

Nilisinzia. Nilipoamka nilikuwa na mkia wa tatu.

Ulikuwa wa rasta, wa mawimbi, umefika kiunoni, ncha zake rangi ya shaba, umepakwa mafuta mpaka unameremeta. Ameushona katikati ya kichwa kwa sindano na uzi. "Zawadi, dada," akasema. "Wodini watakuja watu wa ukweni, watapiga picha. Usionekane mgonjwa."

Nyumbani nikataka kuufumua. Shangazi akakataa kata kata. Karatasi imekataza wigi, wigi inavaliwa, hii imeshonwa. Ukimsikiliza Shangazi unaweza kudhani amewahi kuwa wakili.

Asubuhi ya operesheni nikasukumwa kwenye kitanda mpaka mlangoni mwa tieta. Nesi akanivalisha kofia. Ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, kisha mpira wake ukaruka ukampiga mwenyewe. Akaninyanyua kichwa.

"Dada, na huyu ni nani?"

Akachukua mkasi, akakata nyuzi, akautia ule mkia kwenye mfuko mweupe wa plastiki, akabandika karatasi yenye jina langu na namba ya faili, akampa mhudumu awapelekee ndugu zangu. Mikia yangu miwili ikaingia kofiani bila ubishi. Daktari wa usingizi akaisifia. Nakumbuka nilianza kumwelekeza saluni ilipo, sikufika hata Tandika Sokoni.

Yaliyofuata nimesimuliwa na mume wangu. Peke yake nisingemwamini, lakini mama na wifi wanasema vilevile.

Mhudumu aliitwa huku, akaitwa kule, mfuko ukabaki dirishani. Alipoukumbuka, mimi nilishashonwa. Akatoka nao mbiombio, akamkabidhi Shangazi, akasema, "Ndugu wa mgonjwa? Hiki kimetolewa, mtakaa nacho," akatokomea.

Sasa kwetu ni kawaida ndugu kuonyeshwa kilichotolewa tumboni. Walikuwa wamekaa pale benchi tangu alfajiri wakisubiri hicho hicho. Shangazi akainua mfuko kwenye mwanga. Nywele. Ndefu. Zinameremeta.

Mama akakaa sakafuni. Mume wangu, Mungu amsamehe, alisema, "Ndiyo maana alikuwa anakula sana."

Shangazi tayari alikuwa na simu sikioni, anaongea na baba mdogo aliyeko Songea.

"Wamemtoa nywele tumboni. Nywele, ndiyo. Zimesukwa."

Kimya kidogo.

"Nimekwambia zimesukwa! Tena zina rangi!"

Mpaka simu inaisha salio, ukoo ulishapata watuhumiwa. Wa kwanza ni jirani yangu tuliyegombana naye kwa ajili ya maji ya bomba, maana na yeye anasuka. Baba mdogo akaahidi kuulizia mtaalamu wa hukohuko. Wifi peke yake aliutazama mfuko kwa mashaka, akasema mbona zinanukia mafuta ya nazi. Hakusikilizwa.

Hapo ndipo daktari mpasuaji akatoka, mkononi ana kopo lenye mfuniko. Mama akamwangukia miguuni, akamwomba amwambie ukweli, nani amemfanyia mwanawe vitu hivi. Daktari akautazama mfuko, akasoma karatasi, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Akawaeleza mkia, kofia, mkasi. Shangazi akaanza kupumua. Mume wangu akaanza kujifanya alijua tangu mwanzo.

"Hizo si zilizotoka tumboni," daktari akasema, akafungua kopo. "Zilizotoka tumboni ni hizi."

Ndani kulikuwa na mafuta mazito ya manjano, na katikati ya mafuta, nywele.

Kumbe uvimbe wangu ulikuwa wa aina inayoitwa demoidi. Unaanzia kwenye zile chembe za ovari zinazoweza kuota karibu kila kitu cha mwili: ngozi, mafuta, nywele, wakati mwingine hata meno. Hukua polepole, huenda nilikuwa nao miaka mingi, na mara nyingi si saratani. Hakuna aliyeniroga. Daktari alirudia hilo la mwisho mara kadhaa, lakini Shangazi alishalala benchini anapepewa kwa faili langu.

Nilipozinduka, wodi imejaa. Watu wa ukweni walikuja, watu wa vikoba walikuja, na hakuna aliyekuja kunitazama mimi. Kila mmoja alinishika mkono, akanipa pole, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Ziko wapi?"

Jirani wa bomba naye alikuja, na chungwa. Nilimpokea vizuri. Shangazi alilibeba lile chungwa kwa ncha za vidole, akaenda nalo nje, sijui alilizika.

Msusi alifika jioni. Kwanza alidai mkia wake, kwa kuwa rasta zilikuwa bado nzima na kuna bibi harusi anazitaka. Akausubiri mpaka wifi akautoa chini ya kitanda, akaukung'uta, akauweka kwenye mkoba. Kisha akavuta kiti karibu, akainama.

"Dada, na zile za ndani. Zilikuwa zinashikika, au fupi sana kusuka?"

Nikacheka, mshono ukanivuta, nikapiga kelele, nesi akaja akamtoa nje.