Kiti cha ukutani si mchezo

Hii habari kwamba kujishikilia ukutani kama umekalia stuli kunashusha presha msiichukulie poa jamani. Mi dereva bajaji hapa Ujiji, mwaka jana nilikutwa na 158 kwa 96, nikapewa vidonge nikaambiwa na mazoezi juu, nikajua wanataka nikimbie mpaka Mwandiga na goti hili bovu. Kumbe ni mgongo ukutani, unashuka kama umekaa, unashikilia dakika 2 halafu unapumzika, mara 4, siku 3 kwa wiki. Siku ya kwanza sekunde 40 tu mapaja yanatetemeka kama bajaji inayogoma kuwaka, watoto wanacheka, halafu nilikuwa nabana pumzi, hilo ni kosa kubwa maana presha ndo inaruka, we pumua kawaida. Ule utafiti wa 2023 wa watafiti wa Uingereza ulikusanya majaribio 270, mazoezi ya kujikaza bila kusogea ndo yaliongoza, namba ya juu ilishuka wastani wa 8 hivi. Mi sasa nacheza kwenye 138, ila vidonge bado nameza na migebuka ya chumvi nimepunguza (hapo ndo roho inauma). Kuna mwenzetu kijiweni anapiga pushapu kaacha dawa kabisa, tumemwambia akapime kwanza hasikii.