Chumvi Imezidi, Niongezee

Jamani, mimi sina makuu. Nafanya kazi ghalani zamu ya usiku, natoka alfajiri mgongo unalia kama mlango mbovu, na katika dunia hii nimeomba kitu kimoja tu: Ijumaa, siku nisiyokuwa na zamu, nikae mahali, niletewe sahani iliyojaa, nilipe hela isiyoniuma, nirudi nilale. Sikuomba mdahalo.

Sasa hapa mtaani kwetu Houston kuna mgahawa wa Kimexico. Jina silitaji, utajua mbele kwa nini. Umebanwa kati ya mashine za kufulia nguo na fundi matairi, kwa hiyo ukikaa dirishani pua moja inanusa sabuni na nyingine inanusa mpira. Meza ya pembeni inayumba mpaka uikunjie karatasi chini ya mguu. Runinga iko juu, sauti yote, na hakuna binadamu anayejua rimoti ilipo. Namba saba kwenye menyu ni enchilada mbili, yaani chapati za mahindi zilizoviringishiwa nyama na kumwagiwa mchuzi, taco moja, yaani chapati iliyokunjwa na nyama ndani, wali mwekundu na maharage, kwa dola 9 na senti 99 kabla kodi haijaja na asilimia zake 8.25. Kwa mji huu, hiyo ni sadaka.

Waulize watu kumi kuhusu mgahawa huo, utapata majibu kumi na mawili. Mawili ya ziada ni ya mke wangu.

Jibu lake la kwanza ni chumvi. "Chumvi imezidi," anasema, mkono ukiwa ndani ya kikapu cha chipsi za mahindi. Zile chipsi ni za bure, zinaletwa na salsa, ule mchuzi wa nyanya na pilipili, kabla hujafungua menyu, na kikapu kikiisha kinajazwa. Hapo ndipo balaa lake. Kikapu cha kwanza, chumvi imezidi. Cha pili, mafuta mengi. Cha tatu, hizi si za leo hizi. Sahani yenyewe inapofika ameshashiba, anaitazama kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. "Kwani wanatuonaje? Huu mlima nani aule?" Anaomba boksi. Saa saba usiku nasikia friji inafunguliwa polepole, kijiko kinagonga boksi kwa adabu. Asubuhi ukimuuliza, anasema hajala kitu tangu jana, kile chakula hakiliki.

Nikisema nitamzoea, anaingia shemeji.

Shemeji yangu ameishi Texas miaka mingi kuliko mimi, na hilo hukumbusha kila tunapoketi. Hajawahi kuvuka mpaka, lakini ukimsikiliza utadhani alinyonyeshwa Mexico. "Hiki si chakula halisi," anaanza. "Hii ni Tex-Mex, Mexico iliyopikwa Kitexas." Jibini ya njano kwake ni tusi. Binzari nyembamba kwenye nyama, tusi la pili. Tortilla, ile chapati yao, ikiwa ya ngano anaishika kwa vidole viwili kama soksi ya mtu. Anasema Mexico ya kweli ni mahindi, tena mahindi yaliyochemshwa na chokaa ndipo yasagwe, na burito, chapati ya ngano iliyoviringishiwa chakula, ni mambo ya kaskazini kule, wengine wala hawahangaiki nayo.

Basi kinachoniudhi ni kwamba hajakosea. Ni kweli mahindi yanachemshwa na chokaa, watu wale wamefanya hivyo maelfu ya miaka, na chokaa ile ndiyo inayoifungua vitamini ndani ya punje. Wazungu waliyachukua mahindi wakaiacha akili yake, na maskini walioishi kwa mahindi matupu wakapata pelagra, ngozi zikawababuka, na hata hapa kusini mwa Marekani wakafa kwa maelfu. Nayajua haya. Lakini nimeyajua nikiwa na njaa, sahani ikipoa, shemeji akiwa bado hajameza mate.

"Mpishi mwenyewe katoka Puebla, Mexico," namwambia. "Ulitaka aje nani ndiyo kiwe halisi?"

"Puebla kweli," anasema, "lakini anawapikia nyinyi."

Mwenyewe haagizi kingine ila taco al pastor, nyama ya nguruwe inayozungushwa kwenye mti wa chuma na kukatwa vipande vyembamba. "Hii sasa," anasema huku mafuta yanamtiririka kiwikoni, "hii ndiyo Mexico." Siku moja mhudumu, mama mmoja mpole anayebeba sahani nne mkono mmoja, akamwambia kwa upole uleule kwamba ule mti wa kuzungusha uliletwa kwao Puebla na Waarabu waliotoka pande za Lebanoni na Iraki, na mwanzo ilikuwa nyama ya kondoo. Shawarma, kaka. Shemeji alitafuna kimya dakika nzima. Kisha akasema, "Sasa Waarabu nao si watu?"

Na hata zile ziitwazo nacho, chipsi za mahindi zenye jibini juu, zilibuniwa miaka ya 1940 katika mji wa Piedras Negras, mpakani, na jamaa aliyeitwa Ignacio Anaya, kwa ajili ya wake za wanajeshi wa Kimarekani waliovuka mto wakiwa na njaa na mpishi asionekane. Nacho ni jina la utani la Ignacio. Kwa hiyo ni chakula cha Mexico, kimepikwa Mexico, na Mmexico, kwa ajili ya Wamarekani. Amua mwenyewe utamlilia nani.

Halafu kuna hili neno lenyewe, taco. Nyinyi mnaokijua Kiswahili mmeshaona shida iko wapi. Mama alinipigia simu nikiwa mezani, akauliza nakula nini. Nikajibu kwa uaminifu wa mtoto mwema. Simu ikanyamaza. "Unakula nini?" Nikarudia, nikaongeza na idadi. Mama akauliza kwa sauti ya chini kama mke wangu yupo karibu. Nikasema yupo, naye kaagiza mawili. Tangu siku hiyo mama akipiga simu anaanza na maombi.

Kazini nako hakuna nafuu. Kuna mwenzetu mmoja aliyekulia kaskazini kwenye theluji, yeye anasema salsa ya pale ni jaribio la mauaji. Dereva wetu wa foklifti katoka Monterrey, Mexico, anasema ni juisi ya nyanya, wanaogopa wateja. Salsa ni ileile, kutoka bakuli lilelile. Nikajipa kazi ya uamuzi. Nikamwomba mhudumu ile chupa ndogo ya rangi ya chungwa wanayoificha nyuma ya kaunta. Akaniangalia mara mbili. Nikamwambia mimi pilipili naijua.

Kumbe mwaka 1912 mwanakemia Wilbur Scoville alitengeneza kipimo cha ukali, na kwa kipimo hicho pilipili ya halapenyo inaanzia 2,500 na haivuki sana 8,000. Habanero, ile pilipili ya chupa yangu, inaanzia laki moja. Haya niliambiwa na dereva wa foklifti baadaye, kwa furaha, wakati mimi sina ulimi. Kilichotokea pale mezani sikikumbuki vizuri. Nakumbuka masikio yalipiga filimbi. Nakumbuka nilikunywa maji, na maji yakaubeba ule moto yakausambaza mpaka pale usipokuwa, maana ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji. Mhudumu alikuja na glasi ya maziwa bila kuitwa. Alikuwa ameshaimimina tangu nilipoomba chupa.

Mke wangu alipiga picha.

Chini ya nyumba yetu anakaa bibi mmoja mstaafu, mstaarabu sana, anayeamini wapishi wa pale hawasuuzi vyombo. "Chakula kinanuka sabuni," anasema, na kwa kuwa mlango wa pili ni wa kufulia nguo, nusu ya mtaa imemwamini. Kumbe ni giligilani. Binti yake muuguzi alitueleza kwamba wapo watu wenye jeni ya kunusa inayolifanya jani lile liwe sabuni mdomoni mwao, wala si maringo. Nikafurahi, nikasema kesi imekwisha. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Basi wangetumia jani jingine."

Na maharage! Jirani wa mlango wa mbele kayasusia kwa sababu kwenye menyu yameandikwa *refritos*. "Yamekaangwa tena," anasema, "wametangaza wenyewe kwamba ni kiporo." Yule mama mhudumu ameshamweleza kwamba kwao neno hilo lina maana ya kukaangwa sawasawa, kwa bidii, wala si mara ya pili. Hataki. Mtu akishajipatia kiporo cha kulalamikia, humnyang'anyi kirahisi.

Usiniambie niende siku nyingine kukiwa na utulivu. Jumanne taco ni dola moja na nusu, unapigana. Na tarehe 5 Mei ndiyo usitie mguu kabisa: watu wamevaa makofia mapana kama ungo, wanampongeza mpishi kwa uhuru wa nchi yake. Uhuru wao ni Septemba 16. Tano Mei ni vita vya 1862 walipowatandika Wafaransa hukohuko Puebla, kwao mpishi. Mwanzoni alikuwa anaeleza. Siku hizi anasema asante, anageuza nyama.

Sasa bili. Bili ikiletwa, shemeji hushikwa na haja. Sijui ni ugonjwa gani huu unaosababishwa na karatasi. Nabaki mimi na ile mashine ndogo inayonigeuzia uso na kuniuliza: asilimia 18, 20 au 25? Mke wangu anasema 10, huduma ilichelewa. Ilichelewa wapi wakati mama wa watu kajaza kikapu mara tatu? Sheria ya nchi hii inaruhusu mhudumu alipwe na mwajiri dola 2 na senti 13 kwa saa, tangu 1991, kinachobaki kukamilisha kima cha chini cha 7.25 kitoke kwenye bakshishi, na Texas imekaa hapohapo kwenye 2.13. Nabonyeza 20. Shemeji anatoka chooni akiwa amepona, anaangalia risiti, anasema, "Umemharibia bei mwenzio."

Tena ndiye huyuhuyu aliyedanganya mwezi wa pili kwamba ni siku yake ya kuzaliwa ili apewe flani, kile kitindamlo chao cha mayai na maziwa, ya bure. Wakaja wanne na makofi, wakamvika sombrero, lile kofia pana, la veluti, wakaimba. Mwezi wa nne akazaliwa tena. Safari hiyo mhudumu alileta flani na mishumaa miwili, akamwambia anakua haraka.

Basi, ile bei na ule ugomvi wote vikafanya mahali pajulikane. Kila anayelalamika anamvuta mwingine aje aone ubaya kwa macho yake. Ijumaa moja nikakuta foleni imetoka nje, imepita mashine za kufulia, imegusa matairi. Dakika hamsini nimesimama. Nikaapa: nitaupaka matope mgahawa huu mpaka nibaki peke yangu na kikapu changu.

Nikaanzia kinyozini. Mende sikusema, mimi si mshenzi. Nilisema tu, kwa huzuni, "Siku hizi wamebadilisha mpishi." Watu wote wakaitikia kwa haraka ambayo ningepaswa kuishtukia. "Kweli kabisa, si kama zamani." Kazini nikasema sahani zimepungua. Yule wa theluji akasema yeye hakanyagi tena. Dereva wa foklifti akasema bora anywe nyanya za kopo. Nikampata na bibi wa chini kwenye ngazi, nikamwambia sabuni imezidi. Akanishika mkono, akasema nimefanya vema kumwambia.

Ijumaa iliyofuata nikamwacha mke wangu nyumbani, akasema kichwa kinamuuma. Nikaenda saa kumi na nusu jioni, mapema, natembea kama bwana shamba. Nikafungua mlango.

Kinyozi yuko meza ya dirishani. Yule wa theluji yuko kaunta, uso mwekundu kama salsa, glasi mbili za maziwa mbele yake. Dereva wa foklifti anafagia bakuli kwa tortilla. Jirani wa mlango wa mbele ana maharage, maharage matupu, sahani nzima. Bibi wa chini kaketi pembeni, kwenye ile meza inayoyumba, anaondoa majani ya giligilani moja moja na kuyapanga kwenye leso. Shemeji kavaa sombrero.

Nikakaa kiti pekee kilichobaki, nikainua menyu kufunika uso. Wao nao wakainua zao. Mlango ukalia nyuma yangu, nikasikia sauti ninayoijua inamuuliza mhudumu kama kuna meza ya mtu mmoja, na kama kikapu cha kwanza kinaweza kuja sasa hivi.

Mhudumu akatazama ukumbi, akatazama menyu zote zilizosimama wima kama nguo kwenye kamba. Akavuta kiti kwenye meza yangu, akamketisha mke wangu mbele yangu.

"Namba saba," akaniambia, wala hakuandika. "Na maziwa?"