Ng'ombe wawili na hukumu za Jaji Kisaakye

Mama mdogo wangu aliishi na mumewe miaka kumi na tisa, wilayani Tororo. Alichota maji ya kufyatulia matofali ya nyumba yao, akawapikia mafundi, na ada ya mtoto wa kwanza ilitoka kwenye mahindi yake. Mume alipofariki, kikao cha ukoo kiliuliza jambo moja tu: ng'ombe wa mahari walikamilika? Walikuwa wamebaki wawili, hawajatolewa. Mzee mmoja akasema, "Basi huyu alikuwa mgeni wetu."

Kila jina la Esther Kisaakye linapotajwa, nawakumbuka ng'ombe hao. Alifundisha sheria Makerere kabla ya kuteuliwa Mahakama ya Juu mwaka 2009, na huko aliandika hukumu mbili ambazo sheria ya ndoa ya Uganda haiwezi kuzikwepa.

Ya kwanza ni ya 2013, kuhusu mali ya wanandoa walioachana. Kifungu cha 31 cha Katiba kinawapa mume na mke haki sawa katika ndoa na inapovunjika. Kisaakye, akiandika hukumu kuu, alisema usawa huo haufanyi kila mali igawanywe nusu kwa nusu. Hutazamwa mchango wa kila mmoja, hata ule usio wa fedha. Naona busara yake, kwa kuwa mwanamke aliyejinunulia kiwanja kabla ya kuolewa naye analindwa. Lakini mchango lazima uthibitishwe. Nani anaweka risiti ya maji aliyochota?

Ya pili ni ya 2015. MIFUMI, shirika la kutetea haki za wanawake lenye mizizi hapahapa Tororo, lilipinga mahari mahakamani. Majaji sita walikubali kwamba kudai mahari irudishwe ndoa ikivunjika ni kinyume cha Katiba, ila mahari yenyewe wakaiacha. Kisaakye peke yake alikwenda mbali zaidi: kuidai kama sharti la ndoa nako kunavunja Katiba.

Hoja ya wale sita siidharau. Watu wazima wakikubaliana kwa hiari, mahakama iwaingilie kwa lipi? Baba yangu alipopokea ng'ombe wa dada yangu alitokwa machozi ya furaha, na pale hakuna aliyemwona dada kama bidhaa. Tena kwa Waislamu, wenye sheria yao ya ndoa tangu 1906, mahari ni mali ya bibi harusi mwenyewe, si ya wazazi wake. Neno ni lilelile, mambo ni tofauti kabisa.

Hata hivyo, katika hili namuunga mkono Kisaakye, na si kwa sababu ya heshima ya mwanamke tu. Mahari ikiwa sharti, asiyekamilishiwa si mke. Mwaka 2022 sheria ya urithi ilirekebishwa, fungu la mjane likapanda kutoka asilimia 15 hadi 20 pale marehemu asipoacha wosia. Lakini asilimia hizo zinamfikia vipi mwanamke anayeambiwa kwamba hakuwahi kuwa mke?

Wazee wana swali la haki pia: bila mahari, ndoa ya kimila inaanza siku gani? Sheria ya 1973 inataka ndoa hizo ziandikishwe, na gombolola, ofisi ya kata, iko karibu, ila wengi wetu hatuendi. Bunge nalo lingeweza kulimaliza suala hili, lakini muswada wa ndoa na talaka wa 2009 ulikwama mwaka 2013 na maoni ya jaji mmoja hayabadilishi sheria.

Mama mdogo hakwenda mahakamani. Mwanawe, kijana wa boda boda, alidunduliza karibu miaka miwili akawanunua ng'ombe waliobaki, akamlipia mama yake mahari ya marehemu baba yake. Wiki walipofikishwa nyumbani kwa babu yetu, ukoo ulikaa tena, na safari hiyo wakamwita mjane.